Klave na Mizani: Chanzo cha Nguvu Ambukizi ya Jazi ya Kilatini kwa Mfano wa Albamu ya Cubop Lives!

Ikisiri

Makala haya yanachunguza chanzo cha nguvu inayomfanya msikilizaji wa jazi ya Kilatini atikise mguu kabla hata hajaamua kuutikisa. Mfano unaotumiwa ni Cubop Lives!, albamu ya mpiga piano Mmarekani Zaccai Curtis iliyotoka mwaka 2024. Kwa kutumia istilahi za arudhi ya Kiswahili, makala yanatetea hoja kwamba nguvu hiyo haitokani na kasi wala kelele. Inatokana na kanuni moja ya mapigo ambayo wanamuziki wote huitii, pamoja na nafasi tupu ambazo kanuni hiyo humwachia msikilizaji azijaze. Mwishoni, makala yanaonyesha jinsi hoja hiyo inavyoweza kuutazama upya mgogoro wa muda mrefu kuhusu sheria na uhuru katika ushairi wa Kiswahili.

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba utendaji ndio uhai wa utanzu huo. Fanani na hadhira hukutana ana kwa ana. Mmoja huimba, wengine huitikia. Kila utendaji huwa tofauti na uliotangulia. Kwa mtazamo huu, ngoma iliyorekodiwa ni kama ng'onda: ina umbo la samaki, lakini haiogelei tena. Kinasa sauti huhifadhi maneno na mapigo, ila hupoteza pumzi za watu waliokuwapo.

Hata hivyo, mtazamo huu unakabiliwa na swali gumu. Ikiwa rekodi ni kitu kilichoganda, inakuwaje albamu iliyorekodiwa Marekani imtingishe mabega msikilizaji aliyeko Eldoret au Mombasa, asiyejua neno la Kihispania na ambaye hajawahi kuwaona wapigaji wake? Jibu jepesi ni kwamba muziki huo una kasi na makelele. Jibu hilo halitoshi. Zipo nyimbo nyingi zenye kasi ambazo humchosha msikilizaji, na wahenga walikwishaonya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Jibu jingine jepesi, na la hatari zaidi, ni kwamba Mwafrika huzaliwa na mdundo damuni, kwa hiyo huutambua popote ausikiapo. Makala haya yanalikataa jibu hilo pia, kwa kuwa linageuza maarifa yaliyofunzwa kwa bidii kuwa silika ya mwili.

Usuli wa Jazi ya Kilatini

Jazi ya Kilatini ni zao la makutano ya miji miwili, Havana na New York. Katika kisiwa cha Kuba, ambako utumwa ulikomeshwa mwaka 1886, vizazi vya Waafrika na watoto wao walikuwa wamehifadhi ngoma, nyimbo na jumuiya za siri zilizokuwa na asili katika sehemu mbalimbali za Afrika Magharibi na ya Kati. Nchini Marekani, watu wenye historia inayokaribiana na hiyo walikuwa wameunda jazi. Tofauti kuu ni kwamba Wakuba walikuwa bado na ngoma za kupigwa kwa mkono na mfumo wa mapigo yanayopishana, ilhali jazi ya Marekani ilikuwa imeendeleza zaidi upatanifu wa sauti na ufaraguzi wa ala za kupuliza.

Mtu aliyezifunga pande hizi mbili ni Mario Bauzá, mpiga tarumbeta aliyezaliwa Havana mwaka 1911 na kuhamia New York mwaka 1930. Bauzá alipiga katika bendi za Wamarekani weusi, kisha akawa kiongozi wa muziki wa bendi ya shemeji yake Machito, iliyoundwa mwaka 1940 kwa jina la Afro-Cubans. Mwaka 1943 bendi hiyo ilianza kupiga "Tanga", kipande ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa cha kwanza cha jazi ya Kilatini. Msomaji wa Kiswahili atavutiwa na jina hilo, lakini asikimbilie kulihusisha na tanga la jahazi. Kufanana kwa maneno si ushahidi wa asili moja.

Bauzá ndiye pia aliyemjulisha mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie kwa Chano Pozo, mpiga konga na mtunzi kutoka Havana. Tarehe 29 Septemba 1947 wawili hao walipiga pamoja katika ukumbi wa Carnegie Hall, na tarehe 30 Desemba mwaka huohuo wakarekodi "Manteca". Pozo hakujua kusoma nota na Kiingereza chake kilikuwa kidogo mno. Alilitunga wazo lake kwa kuziimba sehemu za ala mbalimbali, moja baada ya nyingine, huku mwandishi wa nota akizinakili. Gillespie akaongeza sehemu ya kati yenye upatanifu wa jazi. Muziki huo mpya, uliochanganya mapigo ya Kuba na mtindo wa jazi ulioitwa bibopu, ukapewa jina la kubopu.

Pozo hakuishi kuyaona matunda yake. Aliuawa kwa risasi mtaani Harlem mwezi Desemba 1948, akiwa na umri wa miaka 33. Ushirikiano wake na Gillespie ulidumu muda wa zaidi kidogo ya mwaka mmoja tu. Kwa hiyo, mtu anapoipa albamu jina la Cubop Lives!, yaani "kubopu ingali hai", anatoa dai linalohitaji kuthibitishwa: kwamba kilichoanzishwa na watu hao hakikufa pamoja nao, wala hakikubaki katika santuri zao kama ng'onda.

Klave kama Arudhi

Msingi wa muziki huu huitwa klave. Kwa Kihispania neno hilo lina maana ya ufunguo, na hutumika kwa vijiti viwili vya mbao vinavyogonganishwa na pia kwa mpangilio wa mapigo yanayopigwa kwavyo. Inasimuliwa kwamba vijiti hivyo vilitokana na vigingi vya mbao vilivyotumika kuundia merikebu katika bandari ya Havana.

Klave inaweza kuelezwa kwa namna ambayo mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili ataitambua mara moja. Mzunguko mmoja wa klave una mapigo madogo 16, yaliyogawika katika nusu mbili za mapigo nane nane. Shairi la kawaida la Kiswahili nalo lina mshororo wa mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Katika mzunguko wa klave ya soni, ambayo ndiyo maarufu zaidi, mapigo matano tu ndiyo husikika:

PA – – PA – – PA – / – – PA – PA – – –

Yanayosikika ni mapigo ya 1, 4, 7, 11 na 13. Nusu ya kwanza ina mapigo matatu, nayo huitwa upande wa tatu. Nusu ya pili ina mapigo mawili, nayo huitwa upande wa mbili. Wimbo unaweza kuanza kwa upande wowote kati ya hizo mbili, lakini ukishaanza, mpangilio hauvunjwi. Katika klave ya rumba, pigo la 7 husogezwa hadi la 8, na badiliko hilo dogo huupa muziki mvutano mkubwa zaidi.

Ulinganisho huu hauna maana kwamba klave ilitokana na shairi la Kiswahili au shairi na klave. Mizani ni silabi, na zote 16 hutamkwa. Mapigo ya klave ni vipimo vya muda, na 11 kati yake hunyamaza. Kinachofanana ni dhima. Yote mawili ni kanuni inayotangulia utungo, inayojulikana na wote, na inayomwezesha msikilizaji kutabiri kitakachokuja. Mtaalamu wa muziki kutoka Ghana, J. H. Kwabena Nketia, aliipa mipangilio ya aina hii jina la mstari wa wakati, naye aliiona katika muziki wa jamii nyingi za Kiafrika. Mpangilio uleule wa klave ya soni husikika leo katika kengele ya kpanlogo, ngoma ya vijana wa Kiga wa Accra iliyoanza miaka ya 1960.

Aidha, klave ina kosa lake kama arudhi ilivyo na makosa yake. Shairi lililokiuka sheria za vina na mizani huitwa guni. Vivyo hivyo, mpiga piano anayeanza zamu yake kwa upande wa mbili huku wenzake wakiwa upande wa tatu husemwa kuwa ameivuka klave. Hata msikilizaji asiyejua kanuni huhisi kwamba kuna kitu kimechechemea. Jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingi hakuna mwanamuziki anayeigonga klave yenyewe. Vijiti havipo kabisa, lakini kila ala inaitii. Klave huwa kama mizani kwa malenga aliyebobea: hahesabu kwa vidole, ila hakosei.

Nafasi Tupu na Dhima ya Hadhira

Kanuni peke yake haielezi uambukizi. Saa ya ukutani ina kanuni thabiti, wala hakuna anayeicheza. Ni lazima kuangalia jinsi mapigo yanavyokutana na mwili wa msikilizaji.

Mguu wa mchezaji hukanyaga mapigo ya 1, 5, 9 na 13. Katika mapigo matano ya klave, ni la 1 na la 13 tu yanayokutana na mguu huo. Matatu yaliyobaki huangukia kati ya hatua na hatua. Klave huanza na mchezaji, humwacha, humzungukia, kisha hukutana naye tena karibu na mwisho. Upande wa tatu ni fumbo, upande wa mbili ni jibu.

Gitaa la besi nalo hufanya jambo la ajabu zaidi. Katika mpangilio uitwao tumbao, besi hupiga mapigo ya 4, 7, 12 na 15. Pigo la 1, ambalo msikilizaji hulitarajia kuliko yote, huachwa tupu! Noti inayopigwa kwenye pigo la 15 tayari ni ya upatanifu wa mzunguko unaofuata. Huja mapema, hushikiliwa, na kuvuka pigo la 1 bila kuligusa. Besi hutangulia kama mtu anayefungua mlango kabla ya kubishwa hodi. Anayelijaza pigo hilo ni msikilizaji mwenyewe, kwa mguu, kwa kichwa au kwa kidole mezani.

Hapa ndipo jibu la swali la makala haya lilipo. Rekodi haiwezi kubadilika, lakini imeacha nafasi ambayo haikamiliki mpaka mtu aijaze. Hadhira iliyodhaniwa kuwa imekatwa na kinasa sauti inaitwa upya kila santuri inapochezwa, nayo huitika kwa mwili kabla ya kuitika kwa akili. Katika ngano, mtambaji husema "Paukwa!" naye msikilizaji hulazimika kujibu "Pakawa!" Tumbao ni "Paukwa" isiyo na maneno.

Walimu wanaweza kulithibitisha jambo hili darasani bila ala yoyote. Darasa ligawanywe katika makundi matatu. La kwanza likanyage mapigo ya 1, 5, 9 na 13. La pili lipige makofi ya klave. La tatu litamke "dum" kwenye mapigo ya 4, 7, 12 na 15. Mwanzoni kutakuwa na vurugu na vicheko. Makundi yakishapatana, kundi la kwanza linyamaze, na kila mwanafunzi atajikuta akiitafuta kwa mwili wake hatua iliyoondolewa.

Zoezi hilo linathibitisha jambo la pili: mdundo huu hufunzwa. Gillespie alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba wakiwa safarini kwa basi, Pozo aliwagawia wanabendi mapigo tofauti ili wayapige pamoja. Hao walikuwa Wamarekani weusi, wajuzi wa kazi yao, na bado walihitaji mwalimu. Kinachosafiri kutoka kizazi hadi kizazi si damu, ni elimu.

Cubop Lives! na Urithi Wake

Zaccai Curtis na ndugu yake Luques, mpiga besi, ni wenyeji wa Hartford, Connecticut. Luques alipiga kwa miaka mingi katika bendi ya Eddie Palmieri, mpiga piano mashuhuri wa New York mwenye asili ya Puerto Rico aliyefariki Agosti 2025. Katika albamu hii ndugu hao wameungana na wapiga ngoma na ala za kugonga watatu: Willie Martinez, Camilo Molina na Reinaldo de Jesus. Mwezi Februari 2025 albamu hiyo ilipata Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya jazi ya Kilatini.

Muundo wa kundi hili unastahili kuangaliwa. Bendi kubwa ya Gillespie ilikuwa na safu za tarumbeta, trombone na saksafoni. Kundi la Curtis limejengwa juu ya piano, besi na ala za kugonga. Muundo huo unakumbusha vikundi vya Noro Morales, mpiga piano wa Puerto Rico aliyevuma New York miaka ya 1940. Matokeo yake ni kwamba piano hubeba kazi mbili. Kwa upande mmoja ni fanani anayefaragua, akikimbiza noti kwa haraka na kwa mizunguko isiyotabirika, kama bibopu inavyodai. Kwa upande mwingine ni kiitikio: hurudia kipande kifupi cha montuno, kile kile, tena na tena, kama kibwagizo kinavyorudi mwishoni mwa kila ubeti.

Ni katika kupishana kwa kazi hizo ambapo nguvu huzaliwa. Piano inapofaragua, ngoma huishikilia klave ili fanani asipotee. Piano inaporejea kwenye montuno, ngoma hupata uhuru wa kusema, nayo konga hujibizana na bongo. Hakuna wakati ambapo wote wako huru kwa pamoja, wala wakati ambapo wote wamefungwa. Uhuru huzunguka mkono kwa mkono kama kata ya maji kisimani.

Urithi huu haukubaki ng'ambo ya Atlantiki. Kuanzia mwaka 1933, kampuni ya santuri ya Uingereza ilianza kuuza barani Afrika mfululizo wa santuri za GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba. Santuri hizo zilichangia kuzaliwa kwa rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Desemba 2021. Afrika Mashariki nayo ilisikiliza. Si bahati tu kwamba Salum Abdullah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, wala kwamba bendi nyingi za dansi zilijiita "Jazz". Kwa hiyo, msikilizaji wa Eldoret aliyetajwa mwanzoni si mgeni kabisa. Huenda aliyafunzwa mapigo haya na redio ya babu yake bila kujua majina yake.

Funzo kwa Ushairi wa Kiswahili

Tangu miaka ya 1970, wanafunzi wa ushairi wamekuwa wakirithi mgogoro baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Wa kwanza, wakiegemea misingi kama ile iliyoelezwa na Amri Abedi mwaka 1954, walishikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Wa pili, akiwamo Euphrase Kezilahabi aliyechapisha Kichomi mwaka 1974, waliona kwamba sheria hizo zinaweza kuibana fikra. Mara nyingi mjadala huo umeendeshwa kana kwamba sheria na uhuru ni mafahali wawili wasioweza kukaa zizi moja.

Jazi ya Kilatini inaonyesha uwezekano mwingine. Mfaraguzi wa kubopu ana uhuru mkubwa kupindukia, lakini uhuru huo unasikika kuwa uhuru kwa sababu klave ipo. Kanuni isingekuwapo, kwenda kinyume kusingekuwa na maana, kwa kuwa kusingekuwa na kitu cha kwenda kinyume nacho. Kwa upande wa pili, kanuni isiyoacha nafasi hugeuka saa ya ukutani. Shairi linaweza kutimiza mizani zote 16, vina vyake vikaoana kikamilifu, na bado lisimwachie msomaji kazi yoyote ya kufanya. Shairi la namna hiyo halina guni, lakini halina uhai pia.

Wanamapokeo wanaweza kujibu kwamba hoja hii inawaunga mkono, kwani klave haivunjwi. Ni kweli, lakini kwa kiasi. Klave haikulazimishwa na kitabu cha sheria. Ilikubaliwa na masikio ya jamii, na inaruhusu soni, rumba na kubopu kuishi pamoja. Wanamabadiliko nao wanaweza kusema kwamba mashairi huru yana mdundo wake wa ndani. Hilo pia ni kweli, mradi mdundo huo usikike kwa hadhira na usibaki siri ya mtunzi. Klave ambayo hakuna anayeihisi si klave.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba nguvu ya jazi ya Kilatini inatoka katika vitu viwili vinavyotegemeana: kanuni inayojulikana na wote, na nafasi tupu inayoachwa ndani ya kanuni hiyo. Kwa sababu hiyo, dai la Cubop Lives! linathibitika si kwa tuzo iliyotunukiwa albamu hiyo, bali kwa mguu wa msikilizaji unaolitafuta pigo la kwanza ambalo besi imekataa kulipiga. Pozo aliondoka akiwa kijana, lakini nafasi aliyoiacha ilikuwa ya namna inayojazika.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu mapigo ya ngoma za hapa nyumbani, kama vile chakacha na sengenya, na uhusiano wake na mizani za tungo zinazoimbwa kwazo. Kwa mtunzi chipukizi wa Kiswahili, awe wa mapokeo au wa mabadiliko, swali la kujiuliza baada ya kuandika ubeti si tu kama amehesabu mizani zake sawasawa. Ajiulize pia ni pigo lipi amemwachia msomaji wake.